Kumi Kamili

Daftari la majaribio ya Fizikia la dada yangu mkubwa lilikaa miaka minne ndani ya sanduku la bati la mama, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo na hati ya shamba. Lilikuwa limefunikwa kwa gazeti, na juu ya gazeti kwa plastiki iliyokatwa vizuri na kubanwa kwa selotepu. Dada alisoma shule ya bweni kule Makueni akapata A ya Fizikia, A ya kwanza ya somo hilo katika ukoo wetu, na kila mgeni aliyefika kwetu Matinyani, Kitui, aliambiwa habari hiyo kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai. Siku mama aliponikabidhi lile daftari, nikiingia Kidato cha Nne, alipangusa mikono kwenye leso kwanza.

"Kila kitu kiko humu," alisema. "Wewe fuata tu."

Nilifuata. Mimi ni mtu wa kufuata. Nikiandika sentensi ikaharibika herufi moja, ninafuta mstari mzima, na madaftari yangu yote ya sekondari yana matundu mahali raba ilipopita mara nyingi. Nikifunga mlango ninarudi kuusukuma, halafu ninarudi tena. Mtu wa namna hiyo ukimpa daftari lisilo na kosa hata moja, umempa ugonjwa.

Shule yangu ilikuwa ya kutwa, madarasa manne na chumba kimoja tulichokiita maabara kwa sababu kilikuwa na sinki. Mwalimu wa Fizikia alihamishwa mwisho wa Kidato cha Tatu na hakuletwa mwingine. Mwalimu mkuu akatuambia anayetaka kuacha somo aache mapema. Wengi waliacha, tukabaki saba. Mwalimu wa Hisabati alituhurumia akawa anakuja Alhamisi baada ya chakula cha mchana, lakini alikuwa mkweli: alituambia kwamba anasoma kurasa mbili mbele yetu, na wiki nyingine hata hizo mbili hajazifikia. Kwa hiyo nilijifundisha.

Nilijifundisha lenzi kwa kioo cha miwani ya marehemu babu na mshumaa. Nilijifundisha kwa nini vitu huelea kwa yai la kuku na chumvi, nikapigiwa kelele kwa sababu ya yai. Mwendo wa mduara niliujaribu kule mtoni, ambako maji huchimbwa kwenye mchanga: nilizungusha ndoo juu ya kichwa bila kumwaga tone, mara tatu, na mara ya nne mpini ukang'oka. Mlango wa kitabu unaohusu mionzi na jinsi vitu vinavyooza nusu kwa nusu niliusoma kwa vifuniko vya soda. Nilikusanya mia moja, nikavirusha uwanjani, nikaondoa vyote vilivyolala kwa mgongo, nikahesabu vilivyobaki. Kitabu kilisema vitabaki karibu nusu. Vilibaki arobaini na saba. Nilikasirika. Nilivirusha tena vyote mia moja tangu mwanzo, kisha tena, nikitafuta hamsini. Kitabu kilikuwa kimeandika "karibu" waziwazi, na mimi nililipita neno hilo kama mtu anavyopita jirani asiyempenda.

Lakini mlango nilioupenda kuliko yote ulikuwa wa eksirei. Nilipokuwa Darasa la Sita nilianguka kutoka mgongoni mwa punda wa maji nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Hospitalini, yule mama aliyepiga picha aliniita nyuma ya kioo akanionyesha mifupa yangu mwenyewe, myeupe, na ufa mwembamba kama unywele. Aliniambia, "Ona, mkono wako haufichi kitu." Tangu siku hiyo nilijua kazi ninayoitaka. Kozi yake ilitaka B ya Fizikia. Mkono wenyewe ulipona ukiwa umepinda kidogo tu, ukiangalia kwa makini. Mimi niliuangalia kwa makini kila siku.

Katika daftari la dada, jaribio lililonishika lilikuwa la pendulamu. Ni jaribio dogo sana. Unafunga kitu kizito kwenye uzi, unakiacha kibembee, unapima kwa saa muda wa kwenda na kurudi mara ishirini. Unafupisha uzi, unapima tena. Mwisho unachora grafu, na kutokana na mteremko wa mstari unapata nguvu ambayo kwayo dunia huvutia vitu. Kwenye hesabu za mtihani huambiwa, "chukua mvuto kuwa 10." Dada alikuwa amepata kumi. Si karibu na kumi. Alikuwa amepata 10.0, nukta zake sita zimekaa juu ya mstari mmoja kama shanga kwenye uzi, na chini yake tiki nyekundu ya mwalimu na neno moja: *Safi*.

Mimi nilifunga nati ya trekta kwa uzi wa kushonea magunia, nikaining'iniza kwenye boriti ya jiko letu la nje. Saa ilikuwa ya simu ya mama. Kwa uzi wa mita moja, dada alikuwa ameandika sekunde 39.7. Mimi nilipata 40.2. Nikarudia: 40.1. Nikarudia: 40.3. Nilifupisha uzi, na huko pia nilikuwa nyuma yake kwa thuluthi ya sekunde. Siku zote nilichelewa, hata siku moja sikuwahi. Mvuto wangu ulitoka 9.7, na siku nzuri 9.8.

Sasa nikiri jambo la aibu. Hiyo 9.8 nilikuwa nimeiona tangu Kidato cha Kwanza, ikitajwa kuwa mvuto halisi wa dunia. Kitabu kilisema mvuto hubadilika kidogo kutoka mahali hadi mahali duniani. Nilikaa chini nikawaza, kwa uzito kabisa, kwamba huenda 9.8 ni ya Ulaya na sisi wa Ukambani tuna kumi. Halafu nikawaza mbali zaidi: huenda Makueni ni kumi, na Kitui tumepungukiwa. Hakuna aliyekuwa karibu wa kunicheka. Mtu akisoma peke yake, upuuzi wake haukatizwi na mtu.

Nati ilining'inia pale muhula mzima. Mama alijifunza kuinama kila akiingia na sufuria. Jirani akiuliza ni dawa ya nini, mama alijibu kwamba ni masomo. Darasani, kijana mmoja kati ya wale saba, ambaye alifanya kila jaribio mara moja tu na kwenda kucheza mpira, aliniita Injinia wa Kamba. "Injinia," aliniuliza siku moja, "hiyo kamba ikikuletea kumi, utaila na nini?" Nilimwambia nitaila na B yangu.

Mwezi wa sita nilimpigia dada simu. Alikuwa ameajiriwa Mtito Andei, katika duka la sola na betri kando ya barabara ya Mombasa, na nyuma ya sauti yake nilisikia malori yakipunguza mwendo. Nilimweleza yote. Nilimsomea namba zangu na zake, moja moja. Nilimuuliza kama kuna kitu nakosea, kama alifunga uzi kwa namna nyingine, kama saa ya simu ina tatizo. Aliniomba nirudie namba ya kwanza. Nilidhani anafikiri.

"Unasimamisha saa ukiwa umechelewa," alisema. "Labda ni kale kamkono kako kalikovunjika. Rudia tu, katazoea."

Nilimshukuru. Kwa kweli nilifurahi, maana hatimaye nilikuwa na sababu. Niliutazama mkono wangu kama mtu anavyomtazama mwizi wa nyumbani. Kuanzia siku hiyo nilifanya mazoezi ya kidole gumba: kubonyeza simu na kuachia, mara mia asubuhi kabla ya shule, mara mia jioni kabla ya kuteka maji. Nilijaribu mkono wa kushoto, ukawa mbaya zaidi. Mwezi wa nane niliweza kusimamisha saa mahali popote nilipotaka, na bado nati ilirudi kwa sekunde 40.2.

Siku ya mtihani wa vitendo, swali la kwanza lilikuwa pendulamu.

Nilipoliona nilisikia joto hadi masikioni. Wengine walishika vichwa. Mimi nilitabasamu kama mjinga. Tulikuwa na saa mbili na nusu kwa maswali mawili, na la pili lilikuwa la lenzi, ambalo nililijua vizuri pia. Nilifunga uzi, mita moja. Nikaachia. Nikahesabu ishirini. 40.2.

Mtu mwingine angeandika akaendelea. Yule kijana wa mpira, nilimwona kwa pembe ya jicho, alikuwa tayari kwenye uzi wa tatu. Mimi nilijiambia kwamba ni mkono, umetetemeka kwa sababu ya hofu. Nikarudia. 40.3. Nikavuta pumzi, nikarudia, na safari hii nikapata 39.8, nikaiandika upesi kabla haijabadilika. Uzi wa pili ukakataa. Nilikuwa na namba za dada kichwani, zote sita, na kila saa iliposimama mahali pengine nilifuta nikaanza upya. Sikutaka kudanganya. Ningeweza kuandika namba zake bila hata kugusa uzi, na haikunijia akilini kamwe. Nilitaka zije zenyewe. Niliamini zilikuwepo, kwamba mkono mzuri ungezipata.

Msimamizi alipotangaza kwamba zimebaki dakika ishirini, nilikuwa kwenye uzi wa tano. Nilichora grafu haraka, nukta zimetawanyika kwa sababu nyingine zilikuwa za kweli na nyingine za bahati. Kwenye lenzi niliwasha mshumaa, nikapata vipimo viwili, nikachora jedwali lenye nafasi tupu. Tukaambiwa tuweke kalamu chini. Mshumaa wangu ulikuwa bado unawaka, karibu mzima.

Nilipata C+.

Sikulia mbele ya mama. Alisema C+ si mbaya kwa mtoto asiye na mwalimu, na alimaanisha. Lakini aliendelea kusema, bila nia mbaya yoyote, kwamba bahati mbaya ni ule mkono, kwamba siku ile ya punda yeye ndiye aliyenituma maji. Dada alikuwa amemweleza. Kwa hiyo sasa tulikuwa wawili tunaoulaumu mkono mmoja, na mama alijilaumu mwenyewe juu yake.

Mwezi wa pili dada aliniita Mtito Andei nikae naye wiki mbili nipumzishe akili. Duka lilikuwa dogo, paneli zimeegemea ukuta nje, betri ndani zimepangwa kama matofali. Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Alikuwa na kipimo cha umeme chenye waya nyekundu na nyeusi, na alikigusisha kwenye betri kama daktari anavyogusa kifua. Siku ya nne alikuja mfugaji mmoja, mzee Msomali aliyekuwa akipeleka mbuzi Mombasa, akitaka betri ya kuwashia taa kambini. Dada alipima, akamwonyesha kioo: 12.6.

Mzee alikunja uso. Juu ya betri palikuwa pameandikwa kumi na mbili. Akauliza kama hii imeharibika, au dada anataka kumpa kitu ambacho hakijielewi hata chenyewe.

Dada alicheka. Akamwambia, "Mzee wangu, hiyo kumi na mbili ni ya kuandikwa tu. Kitu cha kweli hakitoki namba nzima. Ukiona mtu amepima akapata kumi na mbili kamili, huyo hakupima."

Mzee alicheka pia, akachukua betri, akaenda. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kreti, nimeshika kikombe. Nilikaa hivyo hadi dada alipomaliza kuandika mauzo kitabuni.

"Na ile kumi yako?" nikamuuliza.

"Kumi gani?"

"Ya pendulamu."

Aliviringisha waya za kile kipimo, nyekundu, halafu nyeusi, taratibu.

"Ile nilipika," alisema. "Si kila mtu alikuwa anapika? Tulikuwa arobaini, na saa ya kupimia ni moja. Mwalimu alikuwa anaangalia tu kama mstari umenyooka. Nikaanza na kumi, nikarudi nyuma nikitafuta sekunde. Ni hesabu ya dakika tano."

"Kila mtu?"

"Kila mtu anajua hivyo, siz. Siku ya mtihani ndiyo unapima kweli kweli, unaandika unachopata, unaenda."

Nilikumbuka yule kijana wa mpira. Naye alijua. Huenda alijifunza kwa kaka yake, au kwa mtu wa shule ya bweni, au aligundua tu kwa sababu hakuwa na daftari takatifu la kumzuia. Kulikuwa na Fizikia moja kitabuni na nyingine iliyopitishwa mdomo kwa mdomo kati ya watu wenye madarasa na walimu, na mimi nilikuwa nimesoma ile ya kwanza hadi kurasa zikaachana. Hilo ningelisamehe. Hakuna aliyenificha kwa makusudi.

Lakini kulikuwa na ile simu.

"Nilikupigia," nikasema. "Mwezi wa sita. Nilikusomea namba zote. Nilikuuliza."

"Najua."

"Ukaniambia ni mkono."

Alikaa kwenye kreti jingine, mbele yangu. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, likipiga ile kengele yake. Aliposema, alisema kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa. Alisema kwamba nyumbani hana kitu kingine. Kwamba alisomea umeme, lakini hakuna mtu anayewaambia wageni habari za betri. Wageni huambiwa A, na huonyeshwa daftari. Alifikiri nitachoka niache, niende kwenye jaribio lingine. Hakujua kwamba nitarudia mara mia asubuhi na mia jioni.

"Usimwambie mwaitu," alisema. Hivyo ndivyo tunavyomwita mama. "Tafadhali."

Nilimwambia sitamwambia. Niliondoka kesho yake, siku kumi kabla ya wakati, nikadanganya kwamba tumbo linauma. Njiani nilifungua na kufunga kiganja changu hadi Kitui. Hakukuwa na ubaya wowote kwenye mkono ule. Ulikuwa umepima dunia kwa nati ya trekta na uzi wa gunia, na kwa mwaka mzima ulikuwa umenipa jibu la kweli, na mimi niliusadiki mdomo wa mtu mwingine.

Ningependa kusema niliishia hapo, nikiwa nimedhulumiwa na nikitunza siri kwa heshima. Lakini mama alikuwa amekwisha kuliahidi daftari kwa binti wa jirani wa ng'ambo ya bonde, aliyekuwa Kidato cha Tatu katika shule ileile yangu, bado bila mwalimu. Alikuja Jumamosi asubuhi. Mama alilitoa sandukuni, akapangusa mikono kwenye leso, akalikabidhi, kisha akatoka kwenda kupepeta ndengu mlangoni pa jiko. Mimi niliombwa nimwonyeshe pendulamu, maana nati ilikuwa bado inaning'inia.

Msichana alikuwa mwepesi na makini. Alihesabu kwa kunong'ona. Alisimamisha saa, akaangalia kioo cha simu, kisha akaangalia daftari, kisha tena simu.

"Imekuwa arobaini nukta mbili," alisema. "Nimekosea."

"Hujakosea. Andika ulichopata."

Aliinua kalamu, lakini hakuandika. Kidole chake kilikuwa juu ya 39.7 ya dada, kikashuka hadi kwenye tiki nyekundu.

"Lakini dada yako alipata kumi kamili." Hakuwa na ujeuri, alikuwa anauliza tu, kama mimi ningeuliza. "Na alipata A. Wewe ulipata nini?"

"C+."

Alitikisa kichwa kwa upole, akairudisha saa ya simu kwenye sifuri, akaurudisha uzi pembeni. "Wacha nirudie," alisema. "Nafikiri nimechelewa na mkono."

Alisema hivyo hivyo. Hakuna aliyemfundisha. Nilisikia ungo wa mama nje, ndengu zikirushwa na kudakwa, zikirushwa na kudakwa, hatua nne tu kutoka tulipokuwa. Hapakuwa na namna ya kumwambia mmoja bila mwingine kusikia. Nilimfikiria dada juu ya lile kreti, akiniomba. Nilifikiria kwamba nilikuwa nimeahidi. Nadhani, nikiwa mkweli, nilifikiri pia kwamba dada naye aonje uchungu kidogo, na sijui hadi leo ni lipi lililonisukuma zaidi.

Niliishika nati kabla hajaiachia.

"Dada hakupima," nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyohitaji. "Hizo namba zote alizitunga. Mkono wako hauna shida. Hata wangu haukuwa na shida."

Nje, ungo ulinyamaza.